Mpira wa kikapu wa raba namba 7: umetuvusha msimu

Timu yetu ya wanaume chuoni, hapa Dodoma, imecheza msimu wote na mpira huu wa raba. Namba 7 ndiyo saizi ya wanaume. Wanawake hutumia namba 6, angalia kabla ya kulipa. Kiwanja chetu ni cha saruji, na kiangazi upepo wa huku hukijaza vumbi. Wa ngozi ungechunika mapema! Huu vipele vyake bado vinashika, hata jasho likitiririka pasi haziponyoki. Naupenda kweli. Ila ukiujaza sana unadunda juu mno, ribaundi (mipira inayorudi ikikosa kikapu) zinatupita. Lowesha sindano ya pampu kabla ya kuichomeka, vali isichanike. Mkicheza ukumbi wa ndani, nunueni wa ngozi.