Skeitibodi za Miaka ya 80: Upi wa Kupanda, Upi wa Kutundika

Mwaka 1988 mjomba wangu, baharia, aliteremka melini Kilindini na skeitibodi kwapani. Chini ya ubao palichorwa fuvu la kichwa na nyoka amejizungusha. Bibi alipouona akaugeuza uso ukutani, akasema kitu hicho hakilali chumba kimoja na watoto. Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua kwamba ule ulikuwa ubao wa Mike McGill, mpanda skeitibodi wa Marekani, kazi ya kampuni ya Powell Peralta ya California. Wakati ule nilichojua ni kwamba magurudumu yake yalipita juu ya lami kimya, si kama viatu vya magurudumu ya chuma vya mtoto wa jirani vilivyoamsha mtaa mzima.

Ubao ule uliachwa nje masika moja, ukafumuka matabaka kama chapati. Tangu nianze kushika pesa yangu mwenyewe nimenunua minne kufidia ule mmoja, na katika minne hiyo miwili nilipigwa. Kwa hiyo ninavyozipanga hapa chini ni kwa mtu anayetaka kuupanda ubao wake Jumapili jioni. Anayetaka pambo la sebuleni aruke hadi namba tano.

1. Toleo jipya la ubao wa zamani, vifaa ukavichagua mwenyewe

Hii ndiyo njia bora, na haina mshindani wa karibu. Kampuni zilizotamba miaka ya 80 zinatengeneza tena mbao zao zilezile, kwa umbo lilelile na michoro ileile. Powell Peralta, iliyoanzishwa mwaka 1978 na George Powell na Stacy Peralta, inarudisha mbao za timu yake ya Bones Brigade: joka la Steve Caballero, fuvu la Tony Hawk, nyoka wa McGill, na za akina Lance Mountain, Tommy Guerrero na Rodney Mullen. Mafuvu mengi ya kampuni hiyo yalitoka mkononi mwa mchoraji mmoja, Vernon Courtlandt Johnson. Santa Cruz, ambayo ni ya tangu 1973, ina hazina ya Jim Phillips, aliyechora mwaka 1985 ule mkono wa buluu wenye mdomo uliopanuka kiganjani, na pia mfululizo wa mbao za Rob Roskopp, ambapo dude hutokeza kwenye shabaha kidogo kidogo, ubao baada ya ubao.

Ukiushika ubao wa namna hii baada ya kuzoea wa leo, utashangaa. Upana wake ni kama inchi 10 na urefu kama 30, ilhali za sasa nyingi ni inchi 8 na kitu. Pua ni fupi, mkia ni mpana kama kasia. Umbo hilo lilifaa mabwawa ya kuogelea yaliyokauka na rampu za mbao. Mchezo ulipohamia barabarani, kwenye ngazi na vyuma vya kushikia, ubao mzito ukawa mzigo, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 90 umbo la pande mbili zilizofanana likafagia kila kitu. Kwa hiyo usitarajie kuruka nao kama vijana wanavyoruka sasa. Kata kona nao, teremka nao, zunguka nao kwenye zege la mviringo. Kwa hayo, ubao mwembamba wa leo haufui dafu.

Ubao mtupu wa toleo jipya mara nyingi huzunguka dola 100. Hutoka kwa awamu: rangi moja ikiisha inakuja nyingine. Walanguzi hununua awamu moja wakaiuza mara mbili ya bei, wakikuambia haitarudi tena. Rangi ile huenda isirudi kweli, lakini ubao wenyewe hurudi. Kama shida yako ni umbo na si rangi, subiri.

Sasa tuje kwenye matundu, maana hapa ndipo pesa yangu ya kwanza ilipozama.

Traki, yaani kile chuma kinachobeba ekseli chini ya ubao, hufungwa kwa bolti nne. Upana kati ya matundu haujabadilika: inchi 1 na sehemu tano za nane, karibu milimita 41. Urefu ndio uliobadilika. Mbao za zamani zina inchi mbili na nusu kati ya tundu la mbele na la nyuma, yaani milimita 63.5, za sasa zina milimita 54. Tofauti haifiki sentimita moja, na ukitazama picha kwenye simu huioni. Mimi niliagiza ubao uliotobolewa kizamani, na kutoka kwa muuzaji mwingine nikaagiza traki mpya za matundu manne. Vilipofika nikakaa chini sebuleni, nikaingiza bolti mbili, mbili zikagoma. Nikazisukuma weee, wapi. Ilibidi nimpelekee seremala atoboe upya, na keekee ikalegea kidogo ikala jicho la joka.

Usirudie kosa langu. Mbao za matoleo mapya nyingine hutobolewa kizamani, nyingine kisasa, nyingine zina seti zote mbili. Muulize muuzaji, na ukiweza akupigie picha na rula pembeni. La usalama zaidi ni kuchukua traki yenye matundu sita kwenye kitako chake, kwa kuwa hiyo hukubali mipangilio yote miwili. Independent, ambao wako sokoni tangu 1978, wanazo za namna hiyo.

Upana wa traki nao uendane na ubao. Kwa ubao wa inchi 10 chukua Independent 169, ambayo ekseli yake ni inchi 9 na ushei, au 215, ambayo inafika inchi 10 kamili. Ukiweka 149, ya inchi 8 na nusu, ubao utakuwa kama mtu mnene juu ya baiskeli ya mtoto: ukiegemea ukingoni unapinduka.

Magurudumu ya kizamani yamerudi pia, na hapa ugumu ndio wa kutazama kuliko picha. Ugumu hupimwa kwa namba yenye herufi A. OJ Super Juice ya milimita 60 ina 78A, laini kabisa. Hupita juu ya kabro, mchanga na lami iliyochakaa bila kukutikisa meno. Slime Balls Vomits, pia milimita 60, ni 97A: ngumu, huteleza vizuri kwenye zege laini la rampu, lakini juu ya kabro utahisi kila kiungo cha tofali magotini. Rat Bones za Powell ndizo zenye kumbukumbu nyingi kwa watu wa umri wangu, nazo pia hupatikana kwa milimita 60. Kama unapanda mitaani kwetu, chukua laini tu. Kama uko karibu na uwanja wa zege, kama ule wa Shangilia pale Kangemi, Nairobi, au Kitintale, Kampala, ulioanza mwaka 2006, ngumu zitakufaa.

Beringi usizilipie dhahabu. Skeitibodi hutumia namba 608, tundu milimita 8, upana wa nje 22, unene 7, na unahitaji nane. Ni namba ileile inayoingia kwenye mota ndogondogo, kwa hiyo duka lolote la beringi, liwe la Kirinyaga Road au Kariakoo, linaijua. Za skeiti zimefunikwa vizuri zaidi zisiingie vumbi, lakini za kawaida zitakusogeza ukiwa unasubiri mzigo.

Na spana. Vifaa hivi ni vya inchi, si vya milimita. Nati ya ekseli ni nusu inchi, na spana namba 13 inaikamata bila matata. Nati ya kingpini, ile kubwa ya katikati, ni 9/16: spana ya 14 haiingii, ya 15 inacheza na itakula pembe za nati. Nunua kile kifaa kimoja chenye umbo la herufi T ambacho kina saizi zote. Ni rahisi kuliko nati mpya.

2. Ubao kamili wa umbo la zamani, umeshaunganishwa

Kwa asiyetaka kuhangaika na matundu wala spana, Santa Cruz na Powell Peralta huuza skeitibodi kamili zenye michoro na maumbo ya kizamani. Unatoa kwenye boksi, unakaza, unaondoka. Magurudumu yake kwa kawaida ni laini, ya matembezi, na hilo kwetu ni heri. Nimeiweka ya pili kwa sababu traki na beringi zinazokuja nazo mara nyingi si zile ambazo ungechagua mwenyewe, na umbo wakati mwingine limepunguzwa, fuvu ni la mwaka 1985 lakini upana ni wa juzi. Soma vipimo kabla ya kupenda picha. Kama ni zawadi, hasa kwa shemeji au baba aliyepita miaka 45, nunua hii na usijiulize tena.

3. Kuufufua ulio nao

Wako watu ambao ubao wao wa zamani bado uko juu ya kabati. Kama mbao haijafumuka, kazi ni ndogo. Ugonge kwa kifundo cha kidole ubao mzima: ukitoa mlio mkavu uko hai, ukitoa mlio mzito kama ndoo iliyojaa maji, umekunywa maji na hautafaa tena. Tazama pia nyufa zinazoanzia kwenye matundu ya bolti.

Traki za chuma hudumu, zinazokufa ni bushi, vile vipira viwili vinavyouruhusu ubao kuegemea. Baada ya miaka 30 hukakamaa kama kwato. Bushi mpya ni dola chache, na ubao uliodhani umezeeka utakata kona kama jana. Badilisha magurudumu, badilisha beringi, weka kinga mpya ya mkia kama ya zamani imekwisha. Powell na Santa Cruz wanatengeneza tena zile reli za plastiki za chini ya ubao kwa rangi za pipi kama zilivyokuwa. Reli zina kazi ya kweli: zinalinda mchoro usikwanguke.

4. Vijibao vya plastiki

Penny, kampuni ya Australia, ilivirudisha kwa nguvu kuanzia 2010: inchi 22, rangi kali, magurudumu laini. Ni kumbukumbu ya miaka ya 70, si ya 80. Vinaingia kwenye begi la shule na vinafaa safari ya kutoka kituo cha matatu hadi nyumbani. Ila mtu mzima mwenye kiatu namba 44 hana pa kuweka mguu wa pili. Bandia zake zimejaa sokoni. Bonyeza katikati kwa goti, ukilegea kama mkeka uache.

5. Ubao halisi wa wakati ule

Najua wengi mlikuja kwa ajili ya huu. Mimi nauweka wa mwisho, na natamka hivyo nikiwa na mmoja ukutani.

Ubao halisi uliotumika huenda kwa mamia ya dola; ambao haukuwahi kufungwa traki huvuka elfu. Gundi ina miaka zaidi ya 30, mbao imekauka, na kila ukiupanda unakwangua thamani yake. Wangu niliununua mtandaoni ukiwa na magurudumu yake ya asili. Muuzaji aliusifu, picha zilikuwa sita, zote za upande wa mchoro. Ulipofika nikabana gurudumu kwa kidole gumba, likameguka kama sabuni ya mche. Yurethani, ile plastiki ya magurudumu, nayo huzeeka.

Ukiutaka bado, dai picha za upande wa juu, ukingo wa mkia, na matundu kwa karibu. Matundu ya karibu-karibu pekee, ya milimita 54, kwenye ubao unaoambiwa ni wa 1986 yana maana moja: ni toleo jipya lililopakwa uzee. Jumlisha nauli na ushuru kabla hujabonyeza kitufe, maana viwili hivyo vinaweza kukaribia bei ya ubao.

La mwisho ni msasa wa juu, ile karatasi ya kukwaruza inayobandikwa ubaoni ili mguu usiteleze. Karatasi ya kawaida ni inchi 9, na ubao wako ni inchi 10, kwa hiyo utabaki na ukingo mtupu kila upande. Ziko karatasi pana zaidi. Au fanya walivyofanya wao: kata vipande, viache na nafasi katikati mbao ionekane. Mimi nilikata kwa wembe juu ya meza ya kulia chakula, na alama ya wembe kwenye meza bado ipo, imefunikwa kitambaa.