Kipimo cha choo cha kujifanyia nyumbani: kizuri ila maelezo yake yamewasahau vijana

Nimetumia hiki kipimo cha kutafuta damu iliyojificha kwenye choo kikubwa, ambayo inaweza kuwa dalili ya saratani ya utumbo mpana, kile unajichukulia sampuli mwenyewe nyumbani halafu unaituma maabara. Kiukweli ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Unatega karatasi ili choo kisiguse maji, unafungua kichupa, kifuniko chake kina kijiti chenye mikwaruzo kwenye ncha, unakwangua juu juu sehemu tofauti tofauti mpaka ile mikwaruzo ijae, unarudisha kwenye kichupa unakaza, basi. Hufungi kula wala huachi nyama maana kinasaka damu ya binadamu tu. Kwenye matumizi sina neno.

Shida yangu ni karatasi ya maelezo. Imeandikwa ni cha watu wa miaka 50 kwenda juu, yaani kama walio chini hawaugui! Marekani walishashusha umri wa kuanza kupima ukawa 45 tangu 2021, sababu saratani ya utumbo mpana inapanda kwa vijana. Kule mwaka 1995 wagonjwa wapya wa chini ya miaka 55 walikuwa asilimia 11, kufikia 2019 wakawa asilimia 20. Na vijana wengi wanagundulika ishafika hatua ya 3 au ya 4, yaani imeshasambaa nje ya utumbo, kwasababu akiona damu anaambiwa ni bawasiri, au anajiambia mwenyewe, anapaka dawa na miezi inakatika. Chadwick Boseman, yule muigizaji wa filamu ya Black Panther, aligundulika 2016 ikiwa hatua ya 3, akafariki 2020 ana miaka 43, hata hiyo 45 hakuifikia.

Halafu hili lilitakiwa liwe kwa herufi kubwa kabisa: kama tayari unaona damu, tumbo linauma haliishi, choo kimebadilika wiki na wiki, au unaishiwa damu bila sababu, usijipime ukatulia, nenda kwa daktari mzungumzie kolonoskopi, kile kipimo cha kuingiza kamera kwa njia ya haja kubwa kuangalia utumbo mpana. Uvimbe hautoi damu kila siku kwahiyo kipimo kinaweza kusema hamna kitu na uvimbe upo, ndo maana hata asiye na dalili anarudia kila mwaka. Na kikikuta damu usichukue kingine kubahatisha, ni kolonoskopi moja kwa moja. Mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyeugua yeye anaanza mapema zaidi, hilo nalo kwenye karatasi halimo.

Nawapa nyota 4, ya 5 wataipata wakiiandika upya hiyo karatasi.