Kijaluba cha udi cha Kijapani: nilichokosea mara ya kwanza nikapatia mara ya pili

Ukitaka kununua kogo ya kale, kile kijaluba cha udi cha wenye kunywa chai ya Kijapani, anza na kifuniko. Rangi, sanduku na hadithi ya muuzaji vitakungoja. Mimi nilianza na sanduku, na yakanifika.

Naishi Kyoto mwaka wa nne sasa, na kila Jumamosi najifunza utaratibu wa chai kwa bibi mmoja mkali kidogo. Kogo ni kitu cha kuenea kiganjani tu. Mwenyeji akishapanga makaa chini ya birika la chuma, hutoa humo vidonge vya udi akavitia motoni, kisha mgeni mkuu huomba akitazame kijaluba chenyewe. Kuanzia Novemba hadi Aprili, moto ukiwa kwenye meko iliyochimbwa sakafuni, huwa cha kauri, maana udi wa msimu huo umekandwa: unga wa udi, karafuu na viungo vingine, kwa asali, ukawa vidonge vyeusi vyenye unyevunyevu. Chini yake hutandikwa jani la mkamelia. Miezi ya joto hutumika vipande vikavu vya sandali, na kijaluba huwa cha mbao.

Siku ya kwanza nilipousikia ule moshi nilikaribia kucheka. Karafuu! Kwetu Unguja tunaupika udi kwa sukari, wenzetu wanaukanda kwa asali, lakini pua yangu ilijua ipo nyumbani.

Basi tamaa ikanishika. Nikanunua mtandaoni, yeni 18,000, kijaluba cha rangi ya kijani ya Oribe, mtindo wa kauri za Kijapani, ile itokanayo na shaba. Muuzaji (simtaji) aliandika kuwa ni cha enzi ya Edo, yaani kati ya 1603 na 1868, na picha sita kati ya kumi zilikuwa za sanduku: mbao ya kiri, utepe, maandishi ya wino ya kupendeza. Nilikipeleka darasani nikiwa na kiburi changu. Mwalimu hakulitazama sanduku hata kidogo. Alikiweka juu ya mkeka, akakizungusha kifuniko polepole kwa kidole kimoja. Kikacheza. Akakizungusha tena, kikacheza kulekule. Kisha akakigeuza akanionyesha ukingo, pale pasipopakwa rangi: udongo wa kifuniko mweupe kama unga wa muhogo, wa chini una wekundu wa matofali. Vitu viwili vilivyooana ukubwani. Na sanduku je? La kitu kingine kabisa. Lina jina lake, awasebako, yaani sanduku lililotafutiwa baadaye. Muuzaji alinijibu kwamba vitu vya kale havirudishwi.

Umbo nalo lisikudanganye. Mwaka 1855 ilichapishwa orodha iliyovipanga vijaluba hivi kwa vyeo kama wapiganaji wa sumo, mashariki na magharibi, na aliyeongoza mashariki alikuwa kobe mkubwa wa Kochi, kauri ya rangirangi iliyotoka kusini mwa China. Wafinyanzi wameyanakili maumbo ya orodha ile mpaka basi. Kuambiwa "huyu ni yule kobe" hakukuambii amezaliwa lini. Georges Clemenceau, yule aliyewahi kuwa waziri mkuu wa Ufaransa, alikusanya zaidi ya 3,000, na leo viko kwenye jumba la makumbusho ya sanaa la Montreal. Najiuliza naye aliuziwa vifuniko vingapi vya jirani.

Cha pili nilikipata kwenye gulio la hekalu la Toji, linalofanyika tarehe 21 ya kila mwezi. Nilifika alfajiri, baridi inakata masikio. Mzee mmoja alikuwa na bata mdogo wa kauri ya Kyoto, hana sanduku, amefungwa kwenye gazeti. Mdomo uliwahi kuvunjika ukaungwa kwa lakari, yaani utomvu wa mti unaoganda, na unga wa dhahabu. Nikamwomba ruhusa, nikavua pete, nikazungusha kifuniko. Ulikuwepo mkao mmoja tu ambao kinakaa, mstari wa bawa ukikutana na mstari wa bawa, na kikikaa kinatoa kisauti kidogo, tk. Nikanusa ndani: udi umeshaingia kwenye udongo, haufutiki. Yeni 9,500. Mzee hakutaja enzi yoyote, akasema tu, "Ni wa zamani kidogo." Kwa neno hilo nilimwamini kuliko yule wa mtandaoni na wino wake.

Bata nampa nyota tano, ingawa ule mdomo unanitia wasiwasi kila nikimfuta. Namfuta kwa kitambaa kikavu, sabuni haramu. Kile cha kijani kina nyota moja, ya rangi. Kipo bafuni, nawekea vipini vya pua.