Safari ya saba Karibi: tulipoanza kuchagua njia kabla ya meli

Anayekwenda Karibi kwa meli kwa mara ya kwanza hahitaji ushauri wangu. Apande yoyote. Ataona maji ya rangi asiyowahi kuiona, atakula mpaka suruali imkatae, atarudi na simulizi za mwezi mzima. Nawaandikia walioshakwenda mara mbili tatu, ambao sasa wakifungua ratiba na kukuta St. Thomas, St. Maarten na kisiwa binafsi cha kampuni ya meli kule Bahamas, wanaguna: hapa tena?

Mimi na Baba Neema tulianza kuguna baada ya safari ya nne. Sasa tumefikisha saba. Zile nne za mwanzo zilifanana kiasi kwamba nikitazama picha, mwaka naujua kwa shati alilovaa yeye, si kwa mahali tulipokuwa.

Kilichotufunga ni pointi. Karibu kampuni zote kubwa zina uanachama wa ngazi. Royal Caribbean, kwa mfano, huhesabu pointi moja kwa kila usiku unaolala melini, na ngazi yao ya Diamond inafikiwa kwa pointi 80. Ukifika hapo unapata vinywaji vinne vya bure kwa siku pamoja na vijizawadi vingine. Sisi tulikuwa tunafukuzia ngazi ya namna hiyo kwenye kampuni moja nisiyoitaja, tukawa tunakata tiketi za safari za bei nafuu kutoka Florida ili hesabu itimie. Ikatimia. Siku tuliyopewa kadi mpya, Baba Neema aliiweka mezani, akaitazama, akasema, "Mama Neema, hii soda ya bure imetugharimu miaka minne." Nilicheka, lakini yale maneno yalinikaa.

Tangu hapo tunaanza na njia, halafu bandari ya kuondokea, halafu saa za kukaa kila kituo. Meli yenyewe tunaitazama mwisho.

Wauzaji huigawa Karibi mafungu matatu. Magharibi ni Cozumel, Costa Maya, Roatán, Belize, Grand Cayman na Jamaika. Mwenye hamu ya magofu ya Wamaya au ya kupiga mbizi atafurahi, ila Grand Cayman na Belize meli hutia nanga mbali, abiria wakashushwa kwa mashua. Cayman wananchi walipiga kura ya maoni Aprili 2025 wakalikataa gati la meli za kitalii, kwa hiyo mashua zitakuwepo sana tu. Bahari ikichafuka, hamshuki. Yalitukuta: tuliamka tukasikia sauti ya nahodha, kwamba upepo ni mkali na tunapita moja kwa moja. Tulichorudishiwa ni ada ya bandari tu, dola chache kwenye akaunti ya kabini. Nilikwenda kulalamika kwenye dawati, binti akanionyesha mkataba kwa adabu zote: nahodha ana haki ya kuruka kituo chochote, na kampuni haidaiwi zaidi ya hapo. Nilikuwa nimeusaini bila kuusoma. Kwa hiyo ratiba ikiwa na bandari tatu na mbili ni za mashua, mimi naihesabu kuwa ina bandari moja na bahati mbili.

Mashariki ndiyo ile tuliyoichoka. Sina ugomvi na St. Maarten, ila siku moja pale Philipsburg tulihesabu meli sita gatini, na ufuo ukawa kama stendi siku ya sikukuu. Siku hizi kabla sijalipa naingia kwenye tovuti ya CruiseMapper kutazama siku hiyo bandari itakuwa na meli ngapi. Ni kazi ya dakika tano. Na kisiwa cha kampuni, kiwe CocoCay, Ocean Cay au Great Stirrup Cay, ni pazuri kwa mwenye watoto. Kwangu ni bwawa la kuogelea la meli lililohamishiwa mchangani. Tena Bahamas yenyewe haimo kwenye Bahari ya Karibi, iko Atlantiki, lakini hilo tuliache.

Kusini ndiko kulikotufufua.

Ugumu wa kusini ni umbali. Ukiondokea Miami, usiku saba unakupa vituo vitatu, labda vinne, na siku zilizobaki mnatazamana na mawimbi. Ukiondokea San Juan, Puerto Rico, au Bridgetown, Barbados, meli inalala ikitembea na kuamkia kisiwa kingine. Mimi nina hesabu yangu ambayo Baba Neema anaicheka: nachukua gharama yote, pamoja na ndege na bakshishi, nagawa kwa saa za nchi kavu. Ratiba ya Florida tuliyokuwa tunailinganisha ilikuwa na vituo vitatu vya saa nane nane, jumla saa 24, na kimojawapo ni kisiwa cha kampuni. Ya San Juan ilikuwa na vituo vitano, karibu saa 48. Ndege ya kwenda San Juan ilitupandishia gharama, lakini kwa kila saa ya nchi kavu tulilipa pungufu, tena kwa tofauti kubwa. Anayehitaji viza kuingia Marekani akumbuke kwamba Puerto Rico ni eneo la Marekani: viza lazima, na iwe ya kuingia zaidi ya mara moja.

Tulipita St. Kitts, Dominica, Barbados, St. Lucia na Antigua. Nne kati ya hizo, ukiondoa Barbados, zinatumia dola ya Karibi Mashariki, na dola moja ya Marekani ni sawa na 2.70 za kwao. Dereva wa teksi akikwambia "arobaini", muulize arobaini ipi kabla hujapanda. St. Lucia tulikosea: meli inatia gati Castries kaskazini, milima ya Pitons iko kusini, barabara ni kona juu ya kona, nami nikashinda na mfuko wa plastiki mkononi. Tungepanda boti. Antigua tulitembea Nelson's Dockyard, bandari ya kale ya jeshi la wanamaji la Uingereza, ambayo UNESCO iliiweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2016, na hapo sina neno zaidi ya kuwa kulikuwa na jua kali.

Dominica ndiyo ninayotaka kuisimulia. Watu huichanganya na Jamhuri ya Dominika, hata wakala wetu alitaka kuchanganya. Ni kisiwa cha milima na misitu, fukwe za mchanga mweupe si sifa yake, ndiyo maana wengi mezani kwetu walisema watabaki melini. Baba Neema naye ni mtu wa kubaki melini: ana kiti chake sitaha ya juu, ana karata zake. Nikamwambia, "Kuna mbuyu." Akauliza, "Mbuyu gani huku?" Akavaa viatu.

Gati la Roseau liko mjini kabisa, ukishuka umeshafika. Tulitembea robo saa hivi hadi bustani ya mimea chini ya mlima. Kimbunga David kiliuangusha ule mbuyu mwaka 1979, ukalalia basi la shule. Basi lilikuwa tupu, na liko palepale mpaka leo: manjano iliyofubaa, paa limeshuka hadi kwenye viti, vyuma vimekunjana kama kopo lililokanyagwa. Mti haukufa. Shina limelala juu ya basi na kutoka kwenye ubavu wake yamepanda matawi mapya, mazima, yana majani. Baba Neema aliuzunguka mara mbili. Alichuchumaa akachungulia rimu za magurudumu, halafu akaweka kiganja kwenye gome, akakaa hivyo kwa muda, kama mtu anayempima mtoto homa. Akasema, "Huyu ametoka mbali." Mama mmoja aliyekuwa akiuza madafu alitusimulia kimbunga Maria cha mwaka 2017, jinsi walivyotoka nje asubuhi wakakuta milima yote imekuwa ya kahawia, hakuna jani. Tulikunywa madafu mawili mawili. Karata hazikutajwa siku hiyo.

Safari kabla ya hiyo tulikwenda Aruba, Bonaire na Curaçao. Faida ya visiwa hivi ni kwamba viko kusini mwa njia ya kawaida ya vimbunga. Msimu wa vimbunga ni kuanzia 1 Juni hadi 30 Novemba, na mwezi mbaya zaidi ni Septemba. Bei huwa chini miezi hiyo, na anayetaka kuzifuata bei hizo huku akipunguza hatari, aelekee huko. Siyo kinga kamili, maana meli inaweza kugeuzwa njiani ikikwepa dhoruba ya kaskazini. Bonaire ni kwa wapiga mbizi na wapenda utulivu. Maji yake yamehifadhiwa tangu 1979. Willemstad, mji mkuu wa Curaçao, kuna daraja la Malkia Emma, la mwaka 1888, linaloelea juu ya maboya na kufunguka kama mlango meli zikipita. Sisi tulikuwa upande mmoja, mtaa uitwao Punda, gati letu liko ng'ambo, mtaa wa Otrobanda, kengele ikalia na daraja likaanza kuondoka mbele ya macho yetu, huku wenzetu waliokuwa juu yake wakitupungia mkono. Kuna pantoni ya bure wakati daraja limefunguka. Tusingeijua, ningekuwa naandika haya kwa hasira nyingine.

Sasa meli. Ukichagua meli kubwa kupindukia, bandari umeshachaguliwa. Icon of the Seas, iliyoanza kazi 2024, ikijaa inabeba abiria 7,600. Jitu kama hilo haliendi popote linapotaka. Linakwenda kwenye magati marefu na kwenye kisiwa cha kampuni yake, mduara uleule. Kwa familia yenye vijana ni burudani isiyo na mfano, nami siwezi kumkataza mtu. Lakini kwa anayetafuta visiwa vipya, ninaanzia kwa kampuni za Holland America, Princess na Celebrity: wanakuwa na safari za usiku kumi au zaidi, na ndani ya meli zao unaweza kusikia mazungumzo yako. Abiria wengi ni watu wa makamo na wastaafu. Saa nne usiku sitaha inakuwa kimya, na hilo kwa wengine ni tangazo, kwa wengine ni onyo. MSC bei zao mara nyingi huwa chini, na wamekuwa wakiitambua ngazi uliyofikia kwenye kampuni nyingine, jambo linalomwondolea mtu kisingizio chetu cha pointi.

Bei ya kwenye tangazo msiiamini, popote pale. Kampuni nyingi kubwa huongeza bakshishi ya kati ya dola 16 na 20 kwa mtu kwa siku, halafu intaneti, halafu vinywaji. Na mtazame saa za kuondoka, si jina la kisiwa tu. Kuna ratiba inayoandika Curaçao kwa herufi kubwa, halafu chini: saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni, na abiria wote wanatakiwa ndani nusu saa kabla. Ukitoa foleni ya kushuka, umebaki na chakula cha mchana na sumaku ya friji.

Kadi yetu ya pointi bado ipo kwenye droo. Safari ya nane nimeweka jicho kwenye Royal Clipper, meli ya matanga yenye milingoti mitano, abiria 227 tu, inayoondokea Bridgetown wakati wa baridi ya Ulaya na kuingia vijibandari ambavyo meli kubwa hazigusi. Nauli si ya mchezo, na kwa mawimbi nadhani nitahitaji vidonge. Baba Neema alisoma maelezo yote kimya, ukurasa kwa ukurasa, akavua miwani akauliza kama kuna kasino. Hakuna. Akauliza mara ya pili, kwa sauti ya upole zaidi. Nikamwambia karata zake za kwenye begi zinaruhusiwa.