Komfri ya porini au komfri ya bustani?

Mimea miwili tofauti ya maua huitwa komfri. Ukikuta maua ya buluu msituni mashariki mwa Marekani, usitegemee rangi peke yake kuitofautisha. Shika jani. Jani la komfri ya porini, Cynoglossum virginianum, hulikumbatia shina; la komfri ya bustani, Symphytum officinale, iliyotoka Ulaya, huteremka kando ya shina kama ubawa mwembamba. Yote yana manyoya, kwa hiyo manyoya hayasaidii. Ua la porini ni dogo, buluu hafifu, limefunguka bapa. La bustani ni kengele inayoinama, zambarau au rangi ya maziwa. Mimi huamini zaidi mbegu: za porini zina vijindoana, hung'ang'ania suruali kama kishona nguo. Za bustani ni laini. Na tafadhali, usichemshe majani ukanywa. Komfri ya bustani ina sumu inayoumiza ini.