Mifuko ya zipu: upi ununuliwe kwanza

Wanunuzi wengi wa mifuko ya plastiki yenye zipu huvutiwa na idadi iliyoandikwa kwenye boksi, ilhali kinachoamua kama tui la nazi litakaa kwenye friza bila kuvuja ni unene wa plastiki na namna mdomo wa mfuko unavyojifunga.

Nafasi ya kwanza naipa, bila kusita, mifuko ya friza yenye zipu ya mistari miwili. Plastiki yake ni nene, kwa hiyo haipasuki upesi kwa baridi, na huzuia hewa kavu isiikaushe nyama hadi ikatoka madoa meupe. Andika jina na tarehe kabla ya kujaza, kwa sababu wino haushiki vizuri kwenye mfuko uliolowa. Tui au mchuzi usiujaze hadi juu, maana vimiminika hutanuka vinapoganda; ulaze mfuko ugande ukiwa bapa, kisha uusimamishe kama kitabu. Kwa samaki, zamisha mfuko polepole kwenye beseni la maji, mdomo ukiwa juu na wazi kidogo, nayo maji yataisukuma hewa nje.

Ya pili ni mifuko ya silikoni. Bei yake ni kubwa, lakini huoshwa na kutumika tena mara nyingi sana. Kasoro yake ni kushika harufu, hasa ya kitunguu saumu, hivyo ni vyema mmoja utengwe kwa viungo peke yake.

Mifuko yenye kidude cha kutelezesha naiweka ya tatu. Inawafaa sana wazee wenye vidole vinavyouma, ila pembeni, kidude kinapokomea, mara nyingi hubaki upenyo mdogo. Itoshe kwa mkate na mboga.

Ya mwisho ni ile myepesi ya mstari mmoja, ya karafuu, vifungo na stakabadhi. Msafiri wa ndege anaweza kuihitaji pia, kwani viwanja vingi hutaka chupa zisizozidi mililita 100 ziwe ndani ya mfuko angavu wa lita 1. Tanzania, iliyopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tangu tarehe 1 Juni 2019, iliuruhusu mfuko huu wa vipodozi kwa wageni, mradi wasiutupe nchini.

Mfuko wowote wa plastiki uliowekewa nyama au samaki mbichi usiurudishie chakula kingine, hata ukiuosha kwa sabuni.