Tanga la Naivasha au la Lamu?

Mkazi wa Nairobi anayetamani kusafiri majini kwa tanga ana njia mbili. Naivasha iko kilomita 90 hivi tu: unatoka asubuhi, jioni umesharudi kwako. Ziwa liko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, maji ni baridi na matamu, upepo huamka mchana. Vidau ni vidogo, vya mtu mmoja au wawili, kwa hiyo unashika usukani mwenyewe. Ukikosea, unalowa. (Viboko nao wapo, usijifanye shujaa.)

Lamu ni habari nyingine. Ukipanda ndege pale uwanja wa Wilson, mfuko utalia. Lakini hapo nahodha anaongoza mashua, nawe unakaa kwenye ubao unaotokeza nje, uzito wako ukizuia chombo kisilale. Kusi, upepo wa kusini, likivuma, mnabisha, yaani mnaukabili upepo kwa kukata pembe, huku na huku, mkiuiba upepo unaowapinga. Hakuna injini, unasikia kamba na maji tu.

Kwa kujifunza, Naivasha. Mimi lakini, baada ya wiki nzima ya honi za matatu, nadunduliza nauli ya Lamu.